Kebo ya mtandao na kihami joto: kipi kitangulie kupanda darini?

Msomaji wetu ameuliza hivi: "Nyumba yetu ni ya chini, ina vyumba vinne, dari ya jipsamu na paa la bati. Mchana wa kiangazi vyumba vinachemka, na msimu wa baridi hita inakula umeme usiku kucha. Nimeamua kutandika kihami joto darini kwa mikono yangu. Lakini pia ruta iko sebuleni, na chumba cha mwisho ninachofanyia kazi hakipati Wi-Fi ya maana, kwa hiyo nataka kuvuta kebo ya mtandao. Mwezi huu naweza kufanya kazi moja tu. Nianze na ipi, ninunue kebo gani, na je, nikizima ruta usiku nitaokoa umeme wowote?"

Anza na kebo, ndugu yangu, hata kama kinachokuuma zaidi mfukoni ni hita. Sababu yangu ni matundu. Kila kebo inayoshuka kutoka darini kuingia ukutani inataka tundu lake, na kila tundu ni njia ya hewa kati ya chumba na paa. Ukitandika kihami kwanza, siku ya kuvuta kebo utakifukua, utakikanyaga, utatoboa mahali usipopaona vizuri, kisha utarudishia kihami juu ya matundu yaliyo wazi na hakuna atakayejua kwamba yapo. Mpangilio ni huu: toboa, ziba, tandika. Hiyo kazi ya katikati ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo inayolipa kuliko zote kwa pesa kidogo.

Nililijua hili kwa kukosea. Katika moja ya nyumba za mwanzo nilizozishughulikia, nilitandika sufi ya kioo, yaani kihami cha nyuzi laini za kioo, kwa uangalifu mkubwa, na miezi michache baadaye nikaitwa tena kuvuta kebo za mtandao. Msimu wa baridi ulipofika, mwenye nyumba akalalamika kwamba upepo unatokea kwenye soketi mpya za ukutani. Nilipofunua sufi nikakuta doa jeusi juu ya kila tundu nililotoboa. Sufi haizuii hewa, huichuja tu: hewa inapita, vumbi linabaki. Tangu siku hiyo, sufi yenye madoa meusi ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta ninapopanda dari ya zamani, maana inanionyesha mapengo yalipo bila kipimo chochote.

Fikiria usiku wa baridi hita ikiwaka. Hewa iliyopata moto huwa nyepesi, hupanda, hutafuta upenyo wa juu na kutokea darini. Ikishatoka, hewa ya baridi huvutwa ndani kupitia chini ya milango na pembeni mwa madirisha ili ijaze nafasi. Wakati wa joto, kiyoyozi kikiwashwa, mambo hugeuka: hewa iliyopozwa ni nzito, huchuruzika na kutokea chini, na hewa moto ya darini hufyonzwa kushuka vyumbani. Na usidharau udogo wa pengo. Upenyo wa sentimita 1 chini ya mlango wenye upana wa sentimita 90 ni sawa na tundu la mraba la karibu sentimita 9.5 kila upande, lililokatwa ukutani na kuachwa wazi mwaka mzima. Kutandika kihami juu ya dari yenye matundu ni kuteka maji kwa pakacha.

Kabla hujanunua hata msumari, tenga siku mbili za kupima. Andika namba ya mita ya umeme unapokwenda kulala, uiandike tena unapoamka. Kama umelala kwa muda wa saa 8 na mita imesogea uniti 2, nyumba yako inakula wastani wa wati 250 watu wakiwa wamelala. Fanya hivyo usiku mmoja hita ikiwa imezimwa na mwingine ikiwa inawaka, ujue kila upande unachukua kiasi gani. Halafu subiri siku yenye upepo, funga milango na madirisha yote, washa feni zinazotoa hewa nje jikoni na bafuni, na uwashe kijiti cha udi. Kipitishe polepole kwenye kingo za dari, kuzunguka taa, soketi na swichi, pembeni mwa mfuniko wa kupandia darini, na mahali mabomba yanapopenya ukuta. Moshi unaopanda wima hauna habari. Moshi unaolala au kuyumba umekuonyesha pengo. Tia alama kwa penseli, na uchore ramani ya nyumba kwenye karatasi. Ramani hiyo hiyo ndiyo utakayoitumia kupanga kebo.

Sasa kebo. Chagua mahali pamoja pa kukutania kebo zote, penye soketi ya umeme na hewa inayopita: kabati lenye matundu au kona ya korido. Usikubali ushauri wa kuweka ruta darini eti isionekane. Ruta nyingi za nyumbani zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzijoto 40, na bati lililopigwa na jua la mchana hupita nyuzi 60 bila shida. Kutoka hapo penye kukutania, kila chumba kipate kebo yake mzima mzima, isiyoungwa njiani. Na vuta mbili badala ya moja kila unapopita. Kazi ngumu ni kupanda, kutoboa na kushusha. Kebo ya pili inafuata njia ile ile, na siku ya kwanza ikigoma utamshukuru aliyekuambia.

Aina ya kebo: nunua ya daraja la Cat6. Cat5e, daraja la chini yake, bado inafaa, kwa kuwa inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, kiwango kilichowekwa tangu 1999, na kama tayari unayo ukutani usiing'oe. Cat6 inabeba hiyo hiyo kwa utulivu zaidi, na inaweza kufikisha gigabiti 10 hadi mita 55 mazingira yakiwa mazuri, au kama mita 37 kebo nyingi zikiwa zimefungwa fungu moja. Katika nyumba ya vyumba vinne ni nadra kupita mita 30. Cat6A inafika mita 100 zote kwa gigabiti 10, lakini ni nene, ni ngumu kukunja, na sioni itakufaa nini.

Jambo la kuangalia kuliko namba iliyoandikwa kwenye ganda ni madini yaliyo ndani. Ziko kebo nyingi za alumini iliyopakwa shaba, zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Kwangua waya mmoja kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, alumini ikishatoka rangi ya juu inang'aa nyeupe. Kikasha chake pia huwa chepesi kupita kawaida. Alumini inakinza umeme kuliko shaba na inakatika upesi ikikunjwa, na ukiipitishia umeme wa kuendeshea vifaa inapata joto. Viwango vinavyotambulika vya kebo hizi vinataka shaba tupu, kwa hiyo kebo hiyo haistahili hata kuitwa Cat6. Kwa ajili ya ukutani na darini, chukua yenye waya mmoja mgumu ndani ya kila ganda dogo. Zile laini zenye nyuzi nyingi nyembamba ni za kutoka ukutani kwenda kwenye kompyuta tu.

Kuna sababu nyingine ya kutegemea kebo, nayo inahusu mpango wako wa joto moja kwa moja. Ukifikiria kuweka karatasi ya alumini inayorudisha mionzi, au kihami chenye uso wa alumini, au siku moja madirisha yenye utando wa metali usioonekana, jua kwamba vyote hivyo huzuia mawimbi ya redio. Nimeona nyumba zilizopoa vizuri na simu zikakosa mtandao ndani. Bati lako tayari linafanya sehemu ya kazi hiyo. Kwa chumba chako cha mwisho, dawa ni kebo moja kwa ajili ya kompyuta na nyingine ya kulisha kituo kidogo cha Wi-Fi kwenye dari ya chumba hicho hicho. Kituo hicho hakihitaji soketi ya umeme juu: umeme unapita kwenye kebo ile ile ya mtandao kwa utaratibu uitwao PoE, ambao katika kiwango chake cha 2003 unatoa hadi wati 15.4 kwenye chanzo na kufikisha wati 12.95 kwenye kifaa. Vile vifaa vya kurudia Wi-Fi vinavyochomekwa kwenye soketi usivikimbilie. Cha kawaida chenye redio moja kinapokea na kutuma kwa zamu, hivyo kasi inaanguka karibu nusu, na kinakula umeme wake usiku na mchana.

Panda darini alfajiri, kabla bati halijapata moto. Vaa barakoa, miwani, glavu na mikono mirefu. Kanyaga mbao tu, au ulaze ubao mpana juu ya mbao mbili na utembelee juu yake. Jipsamu haibebi mtu. Kama nyumba ni ya miaka mingi na darini kuna chembechembe nyepesi zinazometameta zilizomwagwa kama kihami, au dari na kuta ni za shiti ngumu za zamani za saruji, usiguse wala usitoboe mpaka mtu mwenye ujuzi apime kama kuna asbesto. Vumbi la asbesto linaua mapafu polepole, na kufagia halitoki.

Toboa juu ya ukuta ukiwa na uhakika wa kilicho ndani yake. Zima umeme kwenye swichi kuu, na hakikisha kwa kipima umeme kwamba umezimika kweli. Ukuta ukiwa wa tofali tupu usiopitika, tumia trankingi ya plastiki juu ya ukuta. Si aibu, na ikifuata kona huwezi kuitambua. Ukuta unaopitika, shusha kwanza kamba yenye kizito, ifunge na kebo, mmoja avute chini na mwingine alishe juu. Usivute kwa nguvu zote. Misokoto ya waya zilizo ndani ndiyo inayolinda mawimbi yasivurugwe, na ukinyoosha kebo umeivuruga misokoto hiyo bila alama yoyote ya nje. Kona zipinde kwa upole, nusu kipenyo cha mpindo kisipungue mara 4 ya unene wa kebo. Na uache kamba ya pili ndani ya njia hiyo kwa ajili ya kebo ya baadaye.

Kaa mbali na nyaya za umeme: zikienda sambamba acha walau sentimita 30, na zikibidi kukutana zipishane kwa pembe mraba. Usizipitishe kwenye bomba moja wala kuzitolea kwenye kisanduku kimoja. Kuingiliwa kwa mawimbi ndiyo hofu ndogo. Hofu kubwa ni waya wa umeme kuchubuka na kuipa kebo ya mtandao moto wa kuua. Kama unawaza pia kufikisha mtandao kwenye banda au nyumba ya pili uani, usitumie kebo ya shaba. Tumia ya nyuzi za kioo, kwa sababu majengo mawili hayana udongo wenye nguvu sawa ya umeme, na radi ikipiga karibu shaba itaibeba hadi kwenye vifaa vyako.

Katika kufunga ncha ndipo kazi nyingi za kujifanyia zinapoharibikia. Rangi kwa mpangilio wa T568B ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tumia mpangilio huo huo ncha zote mbili za kila kebo. Watu hushangaa kwa nini nyeupe-kijani na kijani zimetenganishwa, jozi ya buluu ikaingia katikati, wakaona ni nadhifu zaidi kupanga jozi kwa jozi. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi ambako kebo zote zilipangwa hivyo. Kipima kebo cha kawaida, kile chenye taa 8 zinazowaka kwa zamu, kiliwasha taa zote kwa mpangilio, kwa hiyo fundi aliyenitangulia aliapa kwamba kebo ni nzima. Kipima kile kinajua kama waya umefika upande wa pili. Hakijui umesokotwa pamoja na waya upi. Vifaa vinatarajia waya wa 3 na wa 6 kwenye plagi ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja. Ukiziweka kwenye jozi mbili tofauti, mawimbi yanavuja kutoka jozi moja kwenda nyingine, na mtandao unapanda na kushuka bila sababu ya kuonekana. Tulikata ncha zote tukaanza upya.

Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13 kutoka mahali waya unapoingia. Na kebo ya ukutani iishie kwenye soketi ya ukutani, ile inayogandamizwa waya kwa kisu chake, badala ya kubania plagi mwishoni na kuiacha ikining'inia. Waya mgumu haupendi kuchezwachezwa. Ukimaliza, chomeka kompyuta uangalie kasi ya kiungo. Ikisoma 1000 uko salama. Ikisoma 100, kagua kwanza jozi ya buluu na ya kahawia: kasi ya megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani, lakini gigabiti inazitaka zote nne, na waya mmoja uliokatika unakurudisha kwenye 100 kimyakimya.

Hapo kazi ya kutoboa imekwisha. Rudi kwenye matundu yako na ile ramani ya udi. Kuzunguka kebo tumia silikoni au udongo laini wa kuzibia, usitumie povu linalovimba na kukauka kama jiwe, kwa sababu siku ya kuongeza kebo utalichonga pamoja na kebo zilizomo. Povu lina mahali pake: mapengo mapana ya mbao na ukuta, yasiyopitiwa na waya. Tundu linalopenya ukuta au sakafu iliyojengwa ili kuzuia moto lizibwe kwa kizibo maalumu cha kuhimili moto. Mfuniko wa kupandia darini uwekee mpira wa kubana pembeni na ugundishe kipande cha kihami mgongoni, maana ni mlango ambao kila mtu anausahau. Milango ya nje iwekewe ufagio wa chini na mpira wa fremu.

Lakini kabla ya kubana nyumba, jiulize kuna kinachowaka ndani? Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi, jiko la mkaa, jenereta iliyo karibu na dirisha. Moto wowote unaokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na nyumba iliyozibwa huikusanya haraka kuliko ile iliyokuwa inavuja. Vitu hivyo vitoke nje, mbali na dirisha, au vipate njia yake ya moshi, na kifaa cha kutoa tahadhari ya gesi hiyo kiwekwe karibu na vyumba vya kulala. Hapa sina suluhu ya katikati. Feni za bafuni na jikoni nazo ziangaliwe: nyingi humwaga mvuke darini badala ya nje, na mvuke huo utalowesha kihami chako kipya.

Sasa unaweza kutandika. Kwa kuwa una shida ya pande mbili, joto la mchana na baridi ya usiku, ningekuchagulia sufi ya kioo au ya mawe kuliko karatasi ya alumini peke yake. Sufi hupunguza joto kupita kwenda upande wowote. Alumini inafaa sana dhidi ya mionzi ya bati mchana, lakini inahitaji nafasi ya hewa mbele yake na uso unaong'aa utazame chini, la sivyo vumbi linatanda na kuiondolea kazi. Ukiipata baadaye, iongeze. Kupaka bati rangi nyeupe nako kunapunguza joto lake waziwazi.

Tandika sufi ya milimita 150 kama unaweza, bila kuikandamiza, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Na usiache mianya. Dari iliyo wazi hupitisha joto kama mara 10 ya iliyofunikwa kwa unene huo. Chukua vipande 20 vya eneo sawa: vyote vikifunikwa, joto linalopita ni mafungu 20. Kimoja tu kikiachwa wazi, 19 vinapitisha mafungu 19 na hicho kimoja kinapitisha 10, jumla 29. Sehemu moja kati ya ishirini imeongeza joto linalopita kwa karibu nusu. Ndiyo maana nasisitiza vipande vikatwe kwa kipimo, vikumbatie mbao, na visukumwe hadi kwenye kingo, isipokuwa pale chini ya mwisho wa paa ambapo hewa ya nje inaingia kulipunga paa. Pale acha njia.

Nyaya zilizoko darini zina sheria mbili zinazopingana, na watu huzichanganya. Kebo ya mtandao ilaze chini ya kihami, juu ya dari. Yenyewe haitoi joto la maana, na huko chini inakaa karibu na joto la chumba. Kwenye nyuzi 60 kebo isiyo na kinga ya metali hupoteza mawimbi karibu moja ya tano zaidi kuliko kwenye nyuzi 20. Kwa mita 30 hutaona tofauti, lakini ganda lake litaishi zaidi. Waya wa umeme ni kinyume. Wenyewe unazalisha joto unapobeba mzigo, na ukifunikwa pande zote na kihami kwa nusu mita au zaidi, mzigo salama unashuka hadi nusu ya ule wa waya ulio wazi. Nyaya za hita ya maji, jiko na kiyoyozi ziinuliwe na kufungwa juu ya kihami. Kama hazifiki, mwite fundi umeme mwenye leseni azihamishe. Hiyo si kazi ya kujifunzia, na sehemu nyingi sheria haikuruhusu kuigusa. Visanduku vya maungio ya umeme visizikwe. Taa zilizozamishwa darini ziachiwe nafasi pande zote, au zibadilishwe kwa za LED zilizoandikwa kwamba zinaweza kufunikwa.

Jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: usiweke mbao nyeupe za polistirini zigusane na waya wenye ganda la PVC, wa umeme au wa mtandao. Kile kinachoilainisha PVC huhamia kwenye polistirini. Polistirini inayeyuka na kuunda mfereji, ganda la waya linakauka na kupasuka. Nimefungua kuta za namna hiyo, na waya ulivunjika mkononi kama kijiti.

Vilivyobaki ndani ya nyumba nitavipitia haraka. Balbu ya zamani ya wati 60 inabadilishwa na LED ya wati 8 au 9 yenye mwanga ule ule. Bana karatasi kwenye mlango wa friji. Ikichomoka bila kukinza, mpira umechoka. Dirisha linalopigwa na jua likinge kwa nje, kwa kivuli au pazia la nje, kwa kuwa jua likishapita kioo joto limekwishaingia. Maji ya moto yasikupite: kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunakula karibu uniti 4.7, kwa hiyo kichwa cha bafu kinachotoa maji machache kinaweza kuokoa kuliko balbu zote. Tangi la kuhifadhi maji ya moto usilishushe chini ya nyuzi 60, maana bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya vuguvugu.

Rudia kipimo cha udi, na usome mita kwa usiku ule ule wa aina mbili. Usilinganishe usiku wa baridi kali na usiku wa kawaida.

Na ruta? Ya nyumbani hula kama wati 10, ambazo kwa mwaka mzima ni uniti 87.6. Ukiizima kwa muda wa saa 8 kila usiku unaokoa kama uniti 29 kwa mwaka. Ni akiba ya kweli lakini ndogo. Hita moja ya wati 2000 inazimaliza kwa saa 15 tu. Kama kamera za ulinzi, king'ora au simu ya nyumbani vinategemea intaneti, iache ikiwaka. Kama havipo, iwekee soketi yenye saa ya kujizima, na uchomeke hapo hapo televisheni na king'amuzi chake, ambacho mara nyingi kinakula kama ruta au zaidi hata kikiwa kimelala. Ukinunua swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganishia kebo nyingi kwenye ruta, kwa ajili ya kebo zako mpya, chagua inayofuata kiwango cha 802.3az cha 2010, kinachopunguza umeme wa kila tundu pale data inapokuwa haipiti. Ukiichomeka swichi hiyo kwenye soketi ya kujizima, kituo cha Wi-Fi cha chumba cha kazi nacho kitazimika pamoja nayo, kama umeme wake unatoka hapo.